Springi za Wale, Sauti Yetu

Jumatano, 2 Agosti

Nimeamua! Nanunua gari la spoti. Mimi, Jolanta Dudek, dereva wa basi la shule, miaka hamsini na tatu na magoti yanayolia kila ngazi.

Basi limeegeshwa mpaka Septemba. Nimechoka kuendesha kitu cha rangi ya ndizi mbivu kinachokohoa kila kituo. Nataka boneti ndefu, ekzosi inayonguruma, milia katikati. Na Jumamosi ya tarehe 19, siku Michigan nzima inapojimwaga na magari yake Barabara ya Woodward, nataka Baba awe kando yangu. Kila mwaka hukaa ukingoni kwenye kiti cha kukunja, anawapungia wenzake. Jana, akikata soseji, akasema polepole kwamba ana miaka themanini na nne na hajawahi hata mara moja kupita katikati ya barabara ile siku hiyo. Ujanani alikuwa zamu kiwandani. Halafu mgongo ukaumia. "Basi tena," akasema.

Basi tena! Tutaona.

Gari litatoka kiwandani kwetu, hilo halina mjadala. Baba alikuwa akipachika na kufunga milango ya magari pale mpaka alipostaafu, na babu kabla yake. Kiwanda kile kingine hatukitaji jina humu ndani. Tunasema tu Wale. Gari la Wale haliingii uani kwetu — mgeni akija nalo, anaegesha barabarani. Hata padri.

Ijumaa, 4 Agosti

Mungu wangu, ile sauti!

Nimelijaribu la kwetu, jekundu, lenye kila kitu cha kiwandani: springi fupi ngumu za mashindano, ekzosi yenye vali zinazofunguka ukikanyaga mafuta, milia myeusi juu ya boneti. Muuzaji alipowasha, vioo vya duka vilitetemeka. Baba alisimama na mkongojo wake, akafumba macho kama yuko misani. "Huyo sasa," akasema. "Huyo mtoto wa nyumbani."

Nikaingia nalo barabara kuu, laini kama meza. Linaganda chini! Kona hailiyumbishi hata chembe. Nimerudi nacheka peke yangu. Milia nikaipitishia ukucha — stika, ukingo unashika. Si kitu. Nani huenda akipitisha ukucha?

Jioni nikakuta Baba ameshawapigia simu wazee wote wanaokunywa naye kahawa. Binti yangu anachukua la kwetu! Lenye milia!

Jumatatu, 7 Agosti

Leo nililiomba tena lile jekundu la kujaribu, nikampakia Baba. Tukapita barabara ya nyuma ya kanisa, ile ambayo baridi huipasua kila mwaka na kiangazi kinaisha kabla hawajamaliza kuziba. Shimo la kwanza, kimya. La pili, akashika mlango. La tatu, akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu siku alipoanguka kazini.

"Umeumia, Baba?"

"Nimepumua. Siku hizi kupumua ni kosa?"

Nikasema tugeuze. Akanikemea: dereva mzima wa basi, anaogopa shimo! Nikageuza hivyo hivyo.

Tangu saa tisa amelala chali sakafuni sebuleni, mto chini ya magoti, anatazama besiboli kwa kuinua shingo. Anasema ekzosi ile haina mfano. Na ni kweli.

Nimempigia muuzaji. Hakuna lenye ekzosi ile na springi za kawaida? Hakuna. Vinakuja pamoja, uchukue vyote au uache vyote. Nikiagiza la springi laini, lisilo na ekzosi ile, litafika theluji ikianguka. Theluji!

Alhamisi, 10 Agosti

Nimefanya jambo. Nimeenda kwa Wale.

Kigari changu cha zamani niliegesha mtaa wa pili, mbele ya duka la dawa, nikavaa miwani ya jua. Muuzaji, mama mmoja anayeitwa LaVonne, alinitazama akaangua kicheko. "Karibu, dada. Mnakujaga hivi hivi, na miwani. Usiogope, hata mume wangu ni wa kwenu."

Sasa niandike polepole. Shokapu za lile gari zinaisoma barabara. Zinajilegeza zenyewe ukifika shimoni, ukiingia kona zinakaza! Sikuamini. Nikalipeleka nyuma ya kanisa. Shimo la tatu — kahawa ya LaVonne haikumwagika hata tone. Nikageuza nikalipita tena. Nikageuza tena.

"Dada, hilo shimo limekukosea nini?"

Milia yao ni nyeupe juu ya buluu, imepakwa kiwandani, ukucha unateleza tu. Ekzosi yao, nayo yenye vali, ni nzuri. Inaimba. Lakini ya kwetu inanguruma mpaka kwenye meno! Hapo Wale wameshindwa, na nilifurahi ajabu kuona wameshindwa mahali.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimeosha vyombo mara mbili bila kujua. Nabishana na sufuria. Sauti ni yetu, yetu kabisa, yeyote anayesema vinginevyo ana nta masikioni. Lakini sauti hata aliyekaa ukingoni anaipata bure. Springi anazijua aliye ndani tu. Na nataka awe ndani! Kuhusu milia, kama ndiyo ingekuwa ya kuamua ningenunua punda milia yaishe.

Jekundu lingali dukani. Buluu nalo lingali. Nimekula keki nzima.

Jumapili, 13 Agosti

Baba alichoma soseji uani, akamwita Pruitt, jirani wa ng'ambo ya barabara. Pruitt naye ni wa kiwandani kwetu — Baba akifunga milango ya kulia, yeye alikuwa anafunga ya kushoto. Hawajaacha kubishana ipi ilikuwa bora.

"Haya Jola, linakuja lini hilo jekundu?" Pruitt akauliza.

Wiki hii, nikasema. Sikusema la wapi. Baba akanipigapiga begani mbele ya mwenzake, kifua mbele. Mwoga mimi!

Jumanne, 15 Agosti

Nimetia sahihi. Buluu. La Wale.

Nilimwambia Baba kabla ya supu, kwa kuwa baada ya supu ningekimbia. Nikasema ni mgongo wako, Baba. Nikasema lile shimo la tatu. Nikasema nataka tupite Woodward wote wawili, na kwenye lile jekundu usingefika hata taa ya kwanza.

Akaupaka mkate siagi mpaka pembe zote.

"Mwacha asili ni mtumwa," akasema. Kisha: "Litaegeshwa barabarani."

"Najua."

"Na mimi nitakaa ukingoni kama siku zote. Mgongo wangu usiufanye kisingizio."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua pa kumjibia. Nimelia juu ya sahani, nikajifuta, halafu nikakumbuka kwamba nina gari la spoti, nikacheka. Nimechanganyikiwa.

Alhamisi, 17 Agosti

LIMEFIKA!

Nimezunguka nalo mji wetu mzima wa Warren. Nimekwenda kununua maziwa mara tatu. Kwenye taa watoto wawili wa basi langu wakanitambua — Bi Dudek?! — nikakanyaga, vali zikafunguka, Mungu anisamehe. Walipiga kelele mpaka nilipokata kona. Mimi pia nilipiga kelele.

Nikaegesha barabarani, kama sheria. Pruitt alikuwa kwenye nyasi zake. "Jola! Huyo mgeni wenu anakaa siku ngapi?" Pazia la Baba likatikisika. Nilipoingia ndani alikuwa anatazama televisheni kwa makini sana. Ilikuwa imezimwa.

Jumamosi, 19 Agosti

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika humu humu ndani ya gari, mbele ya nyumba. Jana nilimwambia Baba nitamsubiri hadi saa tatu. Woodward imeshaanza kunguruma kwa mbali!

Ametoka!

Hana kiti chake. Ana mkongojo, na kichwani kofia yake ya kiwanda chetu, ila ameigeuza ndani nje, nembo imejificha, mishono yote iko hadharani. Hanitazami. Amelizunguka gari. Amefungua mlango wa pembeni, akaufunga. Akafungua tena, akafunga, sikio karibu kabisa na kioo. Mara ya tatu.

"Nani kawafundisha hawa kufunga mlango?" ameuliza, kwa hasira kidogo.

Sijui nicheke au nilie.

Amekaa! Polepole, mkono mmoja kwenye paa. Mguu mmoja umeingia. Wa pili bado uko kwenye lami. Anasema kiti si kibaya. Anasema hiyo haina maana yoyote. Kisha ananiuliza kwa kunong'ona kama gari haliwezi kuwaka kimya kimya. Nikamwonyesha kitufe, ukikibonyeza ekzosi inafunga vali zake.

"Bonyeza hicho. Mpaka tupite kwa Pruitt."

Lakini mlango wa gereji ya Pruitt umeanza kupanda. Naona viatu. Sasa suruali. Sasa kikombe cha kahawa, na Pruitt mzima, mdomo wazi. Baba amemwona. Ameishika kofia kwa mikono miwili. Mguu hajauvuta ndani, na ule mwingine hajautoa. Pruitt anavuka barabara kuja kwetu.

"Jola," ananiambia Baba, macho hayamtoki Pruitt. "Kiache hicho kitufe. Lingurume."

Nimemwambia avute mguu kwanza. Anasema niwashe kwanza.