Chumba cha Mama Mkwe

Tororo mjini

Mama yangu,

Mulembe. Miguu inasemaje? Wandera aliniambia uvimbe umepungua na sasa wewe unafika jikoni bila kushikwa mkono. Nimefurahi, ingawa siku hizi furaha naisema tu kwa mdomo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na mimi sina nguvu ya kupaza sauti. Huyo kaka yangu akusomee polepole.

Sisi tupo. Athieno amerudi shule. Tangu tumzike baba yake kule Petta, naamka, nachota maji, naenda sokoni kuuza dagaa wa omena, narudi. Watu wananiambia nilie, lakini machozi hayaji. Nimekauka tu, mama. Juzi mboga iliungua nami nimesimama hapo hapo mbele ya sufuria.

Nakuandikia hasa kuhusu kile chumba chako. Najua ulikuwa unajiuliza kwa nini kinachelewa, ukanyamaza kwa adabu.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya mwisho ukalala kwa jirani, maana mama halali nyumba moja na mkwe wake. Baba Athieno naye akakusalimu akiwa nyuma ya mlango, uso ameuelekeza kwenye migomba. Ulipoondoka akaniambia, "Mama hawezi kuzeeka peke yake kule Samia, na hawezi kulala kwa watu kila akija. Namjengea chumba chake hapa uani." Kesho yake akaanza kuchimba. Kwao Petta mtu anajenga akiamka na jembe, nasi tukadhani hata mjini, kiwanja kikiwa chako, basi. Msingi haujafika magotini, mtu wa baraza la mji akaja akatuchorea alama nyekundu ukutani, akasema tusimamishe.

Ndipo tukaenda ofisini kuuliza, jambo ambalo tulipaswa kulifanya kwanza. Afisa alikuwa mpole. Akasema, "Mama, kama mnaongeza kachumba kameshikana na nyumba kubwa, mnaandika barua tu, tunakuja kuangalia. Lakini ile ya kusimama peke yake, hiyo lazima ramani, na ramani inangoja kikao."

Baba Athieno akamuuliza, "Sasa mama mkwe nimshikanishe na ukuta wangu? Nikikohoa anasikia?"

Afisa akacheka. "Hata mimi ni wa hapa, najua. Lakini sheria haijui mama mkwe."

Njiani nilimwambia tushikanishe tu, mila ituwie radhi, wewe uje upesi. Akakataa. "Mama atakuja kwa heshima," akasema, na nikijibu chochote anaongeza mwendo. Akatafuta mchoraji, ramani ikapelekwa, tukangoja. Kila akitoka kazini alipitia ofisini kuulizia, hadi wakamzoea wakawa wanamwita Mkwe. Aliendelea hivyo mpaka kifua kilipomlaza.

Wiki iliyopita nikapigiwa simu kwamba ruhusa imetoka. Nikaenda, nikapewa karatasi zenye mihuri. Yule afisa akauliza, "Mkwe yuko wapi, mbona hajaja mwenyewe?" Nikamwambia. Akanivutia kiti. Nilikaa kidogo, nikashukuru, nikatoka. Sikuhisi kitu.

Fundi naye alikuja jana asubuhi na kamba zake. Akaniuliza aanzie kona gani. Nilimtazama mpaka akaona aibu akainamisha kichwa. Nikamwambia afukie ule msingi, watoto wa jirani wasije wakavunjika miguu, kisha aende kwake.

Hakuna haja ya kujenga tena, mama. Nimewauliza wazee wa upande wa mume wangu, wakasema mwenye nyumba amezikwa na ya msiba yamekwisha, hakuna anayekukataza kulala ndani. Wandera akulete ukipata nafuu. Nimekutandikia chumba cha mbele, na Athieno atalala nawe.

Nisalimie Wandera, na mkewe aliyenishika mkono kaburini, na shangazi anayekupikia uji. Mwambie shangazi asiuache mlango wako wazi usiku.

Ukifika, mama, usisimame uani ukingoja kukaribishwa. Pita moja kwa moja. Nyuma ya mlango hakuna mtu. Laiti ungekuwa bado unakataa kulala humu.

Mwanao,
Ajiambo, mama Athieno