Ukuta wa Ghala Nilioupiga Lipu

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gogo uliloliacha mlangoni mwa ghala letu la kuchongea mitumbwi, mikono imechoka hata kalamu naiona nzito. Mwaka haujatimia tangu tukuzike kule kijijini Kang'ata, na tayari nina jambo la kukuungamia. Ungekuwa hai ningekuja na kilo ya sukari kwanza, ndipo nifungue mdomo.

Hapa Korogwe mtumbwi unaoingia majini umebaki mmoja, wa Rajabu, naye anauvulia kambale tu. Watu wa ng'ambo wanapita darajani na bodaboda, gunia la mahindi nyuma, mtoto mbele. Siwalaumu. Ule mtumbwi uliouacha nusu niliumalizia, nikaziba nyufa ulivyonifundisha, pamba kwanza kisha lami, na hakuna aliyeuulizia. Nachoka, mjomba. Nachoka asubuhi kabla sijashika tezo.

Lakini kilichonikalisha chini ni ghala. Ulipokuwa kitandani uliniambia, "Waite watu wa mambo ya kale, waone ukuta." Nilikuelewa. Jengo ni la mawe, la watu wa mkonge wa zamani, ila wewe ulijali zaidi zile alama ulizochonga ukutani kila mto ulipofurika, moja juu ya nyingine, na pembeni yake vijistari vya mitumbwi uliyotoa mwaka ule. Nilikuwa nakucheka, nakwambia unaandikiana barua na mto. Halafu yakaja yale mafuriko makubwa, ukatazama ukuta, ukasema, "Pandisheni mbao mpaka hapa." Tukapandisha. Maji yakaishia kidole kimoja chini ya mbao.

Ulipofariki, mwenye kiwanja akasema anavunja ajenge fremu za maduka. Akaongeza kwamba nikimletea karatasi ya serikali kwamba jengo ni la kale, ataliacha. Basi nikaandika barua, nikaeleza alama zako, nikajibiwa kwamba wanakuja.

Sasa mjomba, unatujua. Mgeni akija, nyumba inapakwa. Wewe mwenyewe Idi ikikaribia ulikuwa wa kwanza kununua chokaa. Niliona aibu wageni wa serikali wakute ukuta mweusi kwa moshi wa lami na mavi ya popo. Nikaita fundi, tukapiga lipu ya saruji ndani na nje, kisha chokaa mara mbili. Alama sikuzisahau. Nilizinakili zote kwenye daftari kwa rula, nikajiona mjanja, kwamba wageni watazisoma wamekaa kwenye kiti, bila kuchafuka.

Walikuja wawili, mama wa makamo na kijana mwenye kamera. Yule mama akauliza alama ziko wapi. Nikamwonyesha ukuta mweupe, kisha nikampa daftari. Alifungua kurasa polepole mpaka ya mwisho. Akanipa pole, pole ile ya msibani, na kijana akairudisha kamera kwenye mfuko bila kupiga picha hata moja.

Walipoondoka nilichukua patasi nikabandua. Saruji imeshika kweli, mjomba, ilitoka na uso wa jiwe. Nimebanduabandua siku tatu. Imepatikana alama moja, nayo nusu, sijui hata ni ya mwaka gani. Nililia pale pale, mtu mzima nimeshika patasi.

Karatasi haikutoka, na ghala linavunjwa Jumatatu. Msikitini watu wanasema serikali haijali vya kwetu, nami naitikia kwa kichwa. Mama, dada yako, ndiye anayenimaliza. Kila akitoka kuswali anawaapiza wale wageni, kwa sababu anaamini waliziona alama zako kwa macho yao wakazidharau. Nimemwacha aamini hivyo. Uzito wa hilo unapita wa gogo lolote tulilowahi kuburuta.

Mungu akupanulie kaburi, mjomba. Ghala siwezi kukuahidi, limeshanitoka mikononi. Nakuahidi kidogo ninachokiweza. Nikikunja karatasi hii naenda nyumbani. Saa hizi Mama atakuwa uani anachambua mchicha. Nitakaa naye chini, nimwambie awaache wale watu, na kama lazima amwapize mtu, jina ni langu.

Mpwa wako.