Jina Lisilo na R

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia kabisa unavyoitikia, "Malahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingine mkononi. Ulimi wako wa Kinyiramba na herufi r havikupatana hata siku moja. Karibu ilikuwa kalibu, rafiki lafiki, na mimi Rehema nilikuwa Lehema tangu nazaliwa.

Unakumbuka msimu wa alizeti? Unapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai, mimi umenikalisha pembeni na kitabu cha darasa la pili, nasoma kwa sauti. Wewe kusoma hujui, ila ole wangu nikiruka mstari ili niwahi kucheza! Fimbo inasimama. "Ludia hapo. Umeluka." Nilidhani umesomea kwa siri mahali fulani. Mpaka nimekuwa mwalimu ndipo nimeelewa kwamba ulikuwa unaifuata hadithi, na ikikatika unajua.

Halafu nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi likizo na rafiki yangu wa Dar na kiburi begi zima. Ukatoka jikoni unafuta mikono kwenye kanga, uso wote furaha: "Lehema, mkalibishe lafiki yako ndani." Nikaona aibu, mama. Nikakusimamisha pale uani kama mtoto wa chekechea. "Siyo Lehema. Re-he-ma. Hebu sema." Ukajaribu mara mbili. Mwenzangu akacheka, na wewe ukacheka, ukarudi kugeuza ugali.

Tangu siku ile sikulisikia tena jina langu kinywani mwako. Nikawa "mwanangu", nikawa "wewe binti", na Neema alipozaliwa ukapata nafuu: "Mama Neema". Watu waliona ni heshima tu. Mimi nilijua umepata jina lisilo na r.

Miaka niliyopangiwa shule ya mbali ulinilelea Neema huko Iramba, akaokota ulimi wako mzima mzima. Tangu ututoke anaishi na mimi Mwankoko, yuko darasa la pili. Narudi kazini na mzigo wa madaftari ya kusahihisha, simu inalia kwa ujumbe wa kundi la wazazi, basi nikamwekea programu ya kusoma kwenye simu yangu ya zamani. Mtoto anasoma, simu inasikiliza. Nilijisifu kweli kwa walimu wenzangu. Kumbe kila akisema "lafiki", inamjibu, "Jaribu tena." "Lafiki." "Jaribu tena." Wiki ya pili akaifunika kwa mto, akagoma kusoma kwa sauti, hata darasani. Mwalimu wake akaniita.

Simu siilaumu, kuzitambua herufi imemfundisha vizuri. Ni mimi niliyeipa kazi yako. Na hiyo "jaribu tena" mimi ndiye niliyeianza, pale uani kwako.

Jana jioni nikayaacha madaftari, nikachukua ungo wa choroko, nikamwambia anisomee huku nachambua mawe. Wapi! Akakubali kunionyesha daftari tu, zoezi la kuandika kuhusu familia. "Mama yangu anaitwa Lehema." Mkono ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu. Nikamuuliza nani kamwambia naitwa hivyo.

"Bibi. Alikuwa anakuita hivyo ukiwa kazini. Anasema, Lehema wangu anakuja Ijumaa. Ila ukija tuseme Mama tu, usije ukakasilika."

Jamani, mama! Nililia mpaka choroko zikamwagika. Kumbe miaka yote ulikuwa nalo, unalitumia nisipokuwepo. Nisamehe. Natamani ungeniita mara moja tu, wageni wakiwa wamejaa uani, nami niitike mbio.

Kalamu nyekundu niliirudisha kwenye mkoba. Nikamwomba Neema anisomee hiyo sentensi moja. Akaisoma mbio mbio, akaruka neno.

"Ludia hapo," nikamwambia. "Umeluka."

Akanikodolea macho, kisha akacheka kicheko chako kile kile, akarudia. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa.

Lala salama, mama. Ukiniota huko uliko, niite unavyojua.

Mwanao,
Lehema