Paa la Mwajuma na Ramani ya Hewa

Masaki, Kisarawe

Dada Zainabu, shikamoo.

Mdogo wetu Mwajuma amejifungua salama, na mtoto ananyonya vizuri. Nilipofika juzi nilimkuta mumewe, Salumu, yuko juu ya nyumba, anataka kung'oa makuti yote aezeke upya. Jua lilikuwa kali. Nikamwambia kuwa ramani ya hewa tuliyochora ofisini kwetu kwenye utabiri kabla sijaondoka ilionyesha uzito wa hewa umepungua sana baharini. Nikamchorea uani kwa kijiti jinsi mistari ya uzito huo ilivyosongamana upande wetu. Ikisongamana hivyo, upepo huwa mkali.

"Una hakika, shemeji?"

"Sina. Ila ningekuwa wewe, ningengoja."

Alishuka, makuti akayaacha. Jana jua liliwaka mchana kutwa, na jirani aliyekuja kusaidia kuezeka akarudi kwake akinung'unika. Leo alfajiri imekuja mvua ya upepo, imeangusha mikorosho miwili. Paa linavuja pembeni, lakini mama na mtoto wamelala pakavu. Salumu amenikatia muhogo wa kuchoma, akauliza, "Na kesho je?"

Nimemwambia ramani ya kesho sijaiona.

Wapakate watoto kwa niaba yangu. Mungu akuzidishie afya, dada.

Nduguyo,
Hamisi