Nilimuaga Mke Wangu Kama Mgeni wa Kampuni

Bi Kusum mpendwa,

Msaada naomba, na kama utacheka, cheka kwanza umalize ndipo unijibu, kwa sababu mimi mwenyewe nimejicheka mpaka nimechoka na sasa kilichobaki ni kulia. Jina langu usilitaje. Niite Kiongozi, maana ndiyo kazi yangu, naongoza wageni wa kampuni moja ya utalii hapa Pune, zile safari fupi za baridi unazoziona zimetangazwa pembeni ya safu yako hii hii, ndege kwenda na kurudi, hoteli, chakula chetu cha Kimarathi asubuhi na jioni, matembezi yote na mtu wa kuwaelezea, wewe mgeni kazi yako ni kuvaa sweta tu. Huyo mtu wa kuwaelezea ndiye mimi. Mke wangu nitamwita Surekha, si jina lake, ingawa akisoma mistari miwili tu atajijua, na mama yake atakuwa ameshajua kabla yake.

Sasa acha nikueleze mimi nikiwa kazini ni mtu gani, na usidhani najisifu, hapo ndipo penye balaa lenyewe. Nikiwa na wageni mimi ni mtoto wa kila mama. Najua nani hatumii sukari, nani goti lake limekataa ngazi, nani ndege ikitikisika anataka ashikwe mkono, nabeba mikoba, nawafunga mabibi skafu kwa mikono yangu, basi likianza kupanda mlima naimba ili wasitazame bondeni, na vichekesho vyangu ni vile vile tangu nilipokuwa na nywele. Akina mama huwageukia waume zao wakasema, "Mwoneni kijana huyu, mjifunze!" Kijana mwenyewe ana mjukuu. Halafu safari inaisha, narudi nyumbani, natupa begi mlangoni, naketi, nasema, "Maji." Neno moja, Bi Kusum. Ile "naomba" huwa nimeimaliza yote huko kwa wageni.

Surekha anashona blauzi za sari, na kwa miaka yote hiyo amekuwa akinisikiliza nikisimulia theluji ambayo yeye hajawahi kuiona. Kila akiniambia, "Baba Ketaki, na mimi unipeleke," mimi namjibu, "Tutakwenda, tutakwenda." Mwaka huu akanijibu, "Hiyo tutakwenda nimeisikia tangu Ketaki hajaota meno, na sasa Ketaki ana mtoto wake." Akachukua akiba yake ya ushonaji, akaenda ofisini kwetu mwenyewe, akanunua nafasi kwenye safari yangu ya Januari ya Gangtok na Darjeeling.

Bosi akaniita. Ujue kwenye kampuni yetu kitu tunachokilinda kuliko roho ni viti. Kila asubuhi kila mtu anasogea nyuma safu mbili, ili asiwepo mtu wa kulifaidi dirisha la mbele safari nzima. Watu waliosameheana kesi za mashamba hawasameheani dirisha. Bosi akasema, "Mkeo akikaa mbele hata kwa zamu yake halali, watasema upendeleo. Aje, ila asijulikane kuwa ni mkeo. Ikijulikana, usirudi hapa." Nilipomweleza Surekha alicheka. "Kwani nyumbani tunajulikana?" akasema. Na mimi nikacheka, nikidhani ni utani.

Basi uwanja wa ndege, mimi na kofia yangu ya kampuni, tabasamu sikio hadi sikio, "Karibu sana dada Surekha, mimi ndiye kiongozi wenu, umeshakunywa chai?" Akanitazama kama mtu anayemtazama tapeli, akajibu kwa sauti ya chini, "Nimekunywa. Na yako nilikuachia kwenye chupa, umeisahau mezani."

Kuanzia hapo nikamhudumia kama mgeni yeyote, maana yake nikamhudumia kuliko nilivyowahi tangu nimuoe. Jioni nilipopita mlango kwa mlango kugawa mifuko ya maji ya moto ya kuweka miguuni, nikagonga na kwake, "Dada Surekha, usilale na miguu ya baridi." Akaupokea ule mfuko, akaushika kifuani, akaniuliza, "Kumbe unajua kuchemsha maji?" Asubuhi nikamuuliza mbele za watu kama chai yake niiweke tangawizi. Akasema, "Mimi tangawizi siitumii, inanichoma kifua. Nilikuwa siitumii hata kabla sijaolewa." Bi Kusum, nyumbani kwetu chai haijawahi kupikwa bila tangawizi, kwa sababu naipenda mimi. Na unajua nilifanya nini? Nilitikisa kichwa kikazi nikasema, "Nimeshika, dada, haitajirudia."

Kulikuwa na mgeni mmoja, shangazi Malati, mstaafu wa benki, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Siku moja tumesimama kunywa chai njiani, akamwambia mke wangu, "We Surekha, mumeo kakuachia uje peke yako kwenye baridi hii?"

"Yuko kazini, shangazi."

"Kazi gani hiyo isiyo na likizo?"

"Anaangalia watu."

"Watu gani?"

"Wa wenzake."

Nilikuwa hapo hapo na birika mkononi, na nilicheka kuliko wote. Shangazi Malati akaendelea, "Laiti angekuwa na adabu kama huyu kiongozi wetu!" Surekha akasema, "Kweli kabisa. Mke wake huyu ana bahati jamani." Wageni wote wakanigeukia wakanipigia makofi, na mimi nikainama kupokea makofi, Bi Kusum! Nikainama!

Siku iliyofuata tukapanda kwenye lile ziwa lililoganda juu ya Gangtok. Surekha akashuka garini na mabuti ya kukodi yaliyomzidi, akachuchumaa, akaivua glovu, akaitia theluji kiganjani, machozi yakamtoka. Halafu akasimama akaanza kunitafuta kwa macho kati ya watu wote wale. Nilimwona. Nilikuwa namsukuma shangazi Malati apande yaki, wale ng'ombe wa manyoya wanaopambwa kwa ajili ya picha, na macho yetu yalipokutana nikapuliza filimbi nikapiga kelele, "Jamani, tunakaribia kuondoka, choo kiko kushoto!"

Ikaja zamu ya picha. Mimi ndiye ninayewapiga wageni picha, kila mtu na mwenzi wake, mlima nyuma yao. Surekha akasimama peke yake. Shangazi Malati akaniambia, "Kiongozi, simama naye basi, asipigwe picha peke yake kama ya kitambulisho!" Wageni wote wakaitikia, "Simama naye, simama naye!" Mimi ambaye nimepigwa picha na mabibi wa watu milima yote ya nchi hii, nikakataa. Nikasema baridi imeharibu simu. Ukweli ni kwamba nilijua nikisimama karibu yake uso wangu utanisaliti, kila mtu ataona kuwa huyu ni wangu, kwa sababu siku ile alikuwa amependeza sana, na nilikuwa nimesahau.

Tukarudi Pune. Desturi yetu ni kwamba pale mlangoni uwanja wa ndege namkabidhi kila mgeni pakiti ya ladu, zile tamutamu zetu za mviringo, nakunja mikono kifuani, naaga. Nimechoka, foleni inasogea, mdomo unajiendesha wenyewe. Akafika Surekha. Nikampa ladu zake, nikakunja mikono, "Asante kwa kusafiri nasi, dada, palipo na kasoro utusamehe." Hakusogea. Akaniuliza taratibu, "Si tunakwenda wote?" Na mimi nikamjibu, "Bajaji ziko kulia."

Akazipita bajaji zote, akaenda kupanda basi la Satara kwa mama yake. Mimi nilifika nyumbani, nikatupa begi mlangoni, nikaketi, nikasema, "Maji." Nikasema tena. Nilisema mara ya tatu ndipo nikawasha taa.

Nimepiga simu. Mama mkwe akapokea, akauliza, "Wewe nani, kiongozi au mkwe? Maana mkwe wangu mimi hajui kuchemsha maji." Surekha akachukua simu, akasema, "Baba Ketaki, yule mwanamume wa kule milimani nilimpenda. Nilimpenda na aibu zangu zote, uzeeni huku. Yuko wapi?" Nikasema, "Si ndiye mimi?" Akanisubiri niongeze neno, na mimi kwa woga mdomo ukatoa kile ulichokizoea, "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Akakata. Nikampelekea mfuko wa maji ya moto, mpya, mwekundu, kwa mkono wa dereva wa basi. Dereva aliurudisha kesho yake, akasema ameambiwa aurudishe kwa mwenyewe.

Na sasa wageni wameandaa karamu ya kukumbushana safari, Jumapili hii, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Sadashiv Peth, na bosi ni mgeni rasmi. Shangazi Malati ananipigia kila siku, "Nitafutie namba ya Surekha, yule mtoto wa watu alikuwa mpweke, tumemnunulia shali." Nikisema ni mke wangu, kazi imekwenda, na mimi zaidi ya milima na vichekesho sina ninachokijua. Nikinyamaza na yeye akaja, itabidi nimkaribishe tena, "Karibu dada." Nikinyamaza na asije, nitasimama mbele za watu niseme sijui aliko. Kuwa mtu mwema bila kofia sijui nianzie wapi. Nifanyeje?

Wako,
Kiongozi, Pune

BI KUSUM ANAJIBU

Kiongozi, nimeshamaliza kucheka kama ulivyoniagiza. Sasa kaa kimya unisikilize.

Nakuonea huruma, ila kidogo. Watu wa aina yako nawajua. Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kwenda kutazama theluji, kijana mmoja akanifunga skafu, nikarudi nyumbani mwezi mzima kila nikimtazama mume wangu naguna. Mpaka siku moja akaniambia, "Kusum, yule analipwa." Nilinuna, lakini alisema kweli. Wema wa siku chache kwa watu utakaoagana nao mlangoni hata mimi nauweza, na wanaonijua watakwambia mimi si mwema hivyo.

Kwa hiyo acha kudhani mkeo anadai maji ya moto. Ugeni wa kwako ameshauonja mpaka mwisho wake, na mwisho wake ni kuonyeshwa bajaji. Wewe umeelewa nini? Umempelekea mfuko, na hata huo hukuupeleka mwenyewe, umempa dereva! Una akili kweli wewe?

Surekha alikuwa na nauli yake, kiti chake, sweta lake. Hakukosa kitu pale ziwani isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alimtafuta kwa macho hadharani, na huyo mtu akatangaza choo.

Tena usinitajie bosi. Bosi alikukataza kwa ajili ya viti. Viti! Ndege ilipotua Pune viti vilikuwa vimekwisha, wageni wanaondoka na ladu zao. Pale mlangoni hapakuwa na sheria ya mtu yeyote, Kiongozi. Uliyoifanya pale ilikuwa yako mwenyewe, na ndiyo unayoifanya nyumbani kila siku, sema siku ile ulikuwa umevaa kofia.

Nenda Satara. Usibebe sari, usibebe maua, kofia uiache, na ukithubutu kutoa kichekesho hata kimoja natamani mama mkwe akufungie mlango. Akikutukana, nyamaza. Surekha akitoka, mwambie lile uliloniandikia kuhusu picha, kwamba uliogopa kusimama naye kwa sababu uso wako ungeonyesha kuwa yeye ni wako. Katika barua yako yote hiyo ndefu hilo ndilo neno pekee ambalo mke angetaka kulisikia, na umekuja kuniambia mimi, mjane wa watu, nisiyekujua hata sura.

Mambo ya Jumapili ataamua yeye. Akitaka kuja, mtaingia ukumbini pamoja na utasema wewe, si yeye, na si kwa kipaza sauti. Asipotaka, utakwenda peke yako na utasema vile vile, "Namba ninayo, ni mke wangu, shali nipeni nimpelekee." Bosi akikufukuza, mji huu una kampuni za utalii kuliko maduka ya chai, na mtu wa kumpandisha shangazi Malati juu ya yaki hatafuti kazi mara mbili. Na Surekha akisema bado hataki kurudi, sema sawa, urudi wiki inayofuata, na nyingine, wala usimwambie mtu kuwa umejifunza kupika chai. Ipike tu.

Hukutaka nikutaje jina, sijakutaja. Lakini kiongozi wa Pune aliyekwenda Gangtok Januari na shangazi wa benki, hilo si fumbo. Tangazo la bosi wako liko pembeni hapa, na nijuavyo mimi wenye matangazo huyatazama asubuhi, kwa hiyo mpigie ukiwa njiani, kabla hajakupigia. Na gazeti hili hufika Satara mchana. Basi la kwanza kutoka stendi ya Swargate hufika kabla yake. Nataka Surekha ayasikie kwako kabla hajayasoma kwangu, kwa hiyo hata hapa ulipofika umeshasoma sana. Inuka, uende.