Mwezi Niliouweka Juu ya Mitumbwi ya Shangazi

Ijumaa, alasiri. Upepo mwingi, vumbi la mtaa wetu wa Bangwe linaingia mpaka kwenye chai, na milima ya Kongo imepotea ndani ya ukungu wa kiangazi. Ningependa kupotea nayo.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ule mwezi mpevu kwenye picha ya Shangazi Mwajuma, ambao wageni huusogelea na kusema "mashallah", ni kidole changu gumba.

Nieleze vizuri, maana nikisoma tena kesho nitadhani nilikuwa na malaria.

Picha niliipiga kwa simu, jioni, mitumbwi ya dagaa ikiondoka na taa zake. Nilipiga nyingi. Zote zilitikisika isipokuwa moja, na hiyo moja kidole kilikuwa kimeingia kwenye pembe ya juu. Nikaipeleka kwenye kompyuta ya stesheneri ya binamu yangu kule Gungu, ninakosaidia kutoa kopi baada ya shule. Mle ndani kuna programu inayogeuza picha ya kawaida ikafanana na mchoro wa rangi za mafuta. Unachagua ukubwa wa brashi, unasogeza taratibu, na maji yanaanza kuota magamba, mawingu yanakuwa mazito kama siagi. Ukizidisha, kila kitu kinakuwa ugali. Siku za mwanzo nilimgeuza mbuzi wa jirani akawa kochi. Dagaa walioanikwa mchangani niliwageuza wakawa nyasi, tena nyasi za kuvutia, yule kochi angezila.

Lakini picha hii ilikubali. Ziwa lilipendeza mpaka nikasahau kupumua. Kidole tu ndicho kilichogoma. Nilikipaka brashi kubwa, nikakipaka brashi ndogo, kikabaki kidole, na ukucha wake. Ndipo nikakifunika kwa mwezi mkubwa wa njano.

Nikauona umekaa vizuri. Nikajipongeza.

Picha ilikuwa zawadi. Mwaka ule tulipokimbia kutoka Gitega, barabara nzima ikiwa ni magodoro na watoto, ndugu za Mama waliishia kambini. Sisi, kwa kuwa Baba ni Muha wa hapa, tulikuja kwa dada yake. Chumba hiki ninachoandikia kilikuwa stoo ya nyavu. Issa, nahodha wa mitumbwi ya dagaa ya Shangazi, alizitoa na vijana wake kwa mabega, wakafagia, wakatufungia chandarua. Hakuna aliyetuuliza tutakaa mpaka lini. Mimi kushukuru kwa mdomo siwezi, mdomo wangu una matatizo yake, kwa hiyo nikatoa picha kwenye karatasi iliyo kama kitambaa, fundi seremala akaitilia fremu, nikampa Shangazi mbele ya wageni.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu, akaigusa, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Umechora kwa mkono wako mwenyewe, mwanangu?"

Nilisomeshwa kwa Kifaransa kwanza na kwa Kiswahili baadaye, na zote mbili huniacha mataani watu wakinitazama. Kiingereza cha sekondari sikihesabu, nacho hakinihesabu. Watu wakinikazia macho hubaki neno moja tu la Kirundi, nalo ni "ego", yaani ndiyo.

Nikasema ego.

Tangu siku hiyo Ujiji nzima inajua kwamba mtoto wa kaka yake Mwajuma ni mchoraji. Kina mama wananishika vidole kutafuta rangi. Kuna siku, Mungu anisamehe, nilijipaka wino wa bluu kwenye kucha kabla ya kwenda kuchota maji.

Mimi hata yai siwezi kuchora. Yai langu lina kona.

Sasa mkasa wenyewe. Shangazi yangu hagombi. Akikasirika hanyanyui sauti. Anafungua sanduku, anachagua kanga yenye maneno, na kuitundika kwenye msumari wa mlango wa banda lake la dagaa kule mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki. Wavuvi wake wanaisoma, wanajua kosa ni la nani, na mambo yanaisha bila mtu kuaibishwa. Mara moja vijana walichelewa kuanika, akatundika "Jua halimsubiri mtu." Siku ya pili dagaa walikuwa mchangani kabla ya adhana. Ndivyo wanavyoishi, yeye na wavuvi wake, na wanapendana.

Jumatatu wiki hii alitundika picha yangu. Kwenye msumari ule ule.

Alitaka tu watu waione. Msumari ulikuwepo, ukutani hakuna mwingine. Lakini Jumatatu ndiyo mbalamwezi ilipoanza, na hapa kuna jambo ambalo watoto wa Bangwe hulijua kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Dagaa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga, dagaa wanatawanyika, taa hazina kazi. Kwa hiyo mbalamwezi mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, wanaume wanalala kwa wake zao, na harusi hufungwa siku hizo. Harusi ya Issa ni kesho.

Mimi nimekulia milimani. Kwetu mwezi ulikuwa mwezi tu.

Basi wavuvi walifika mwaloni wakakuta ujumbe mpya wa mama yao mlangoni: mitumbwi ziwani, taa zinawaka, na juu yake mwezi mpevu kama sinia. Leo asubuhi, kwa kuwa shule zimefungwa, nilikuwa nyuma ya magunia nikifagia, wakakaa upande wa pili bila kuniona.

"Mama Mwajuma hajawahi kutundika kitu cha bure," Issa alisema. "Anatuambia kupumzika basi. Twende na mbalamwezi."

"Na harusi yako?"

"Ndiyo maana kaileta wiki ya harusi yangu. Ili nielewe."

Mmoja akasema pengine ni pambo tu. Wakamcheka. Akaulizwa, mtu akichora kwa mkono siku nyingi namna ile, mwezi mkubwa namna ile unamponyoka? Yule akakiri kwamba hapana, haumponyoki. Mwingine akasema na ule mwezi una kiburi, ukiutazama vizuri ni kama unanyoosha kidole.

Nikauma ufagio.

Wakakubaliana kwamba anayewanyima hata mbalamwezi amewachoka. Wakimaliza harusi hawarudi kwa Shangazi. Kuna mwenye mitumbwi Ilagala anawataka siku zote, wataanza kwake giza likirudi. Walisema kwa huzuni, kama watu wanaopanga kuhama kwa mama yao mzazi. Nilitakiwa kusimama tu. Kusimama nyuma ya magunia na kusema, jamani, hicho ni kidole. Nilikaa pale mpaka wakaondoka, nikiwa nimekumbatia gunia la dagaa, na sasa nanuka nilivyo.

Mchana wakaleta mchele. Ule Shangazi aliochangia harusi, wameurudisha kwa adabu zote, na salamu kwamba umetosha. Shangazi alipokea kwa tabasamu, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda na kumuuliza Mama yeye amewakosea nini vijana wake. Mama naye hajui. Wote wawili wakanitazama mimi, kwa kuwa nilitoka huko mwaloni.

Nikasema ego.

Shangazi akaenda kwenye sanduku. Ametundika kanga kwenye kamba ya nje, mbele kabisa, panapoonekana kutoka njiani: "Ukinichoka niambie, usininunie." Yeye anawauliza. Wao watakapopita kwenda swala ya alasiri wataisoma kwamba anawafukuza. Hivi ninavyoandika huenda wamekwisha kupita.

Nimejaribu, shajara. Nilimpigia Issa simu. Alipopokea nikasikia ngoma na wanawake wanacheka nyuma yake, akasema "Naam, mdogo wangu," kwa upole ule ule aliotufungia nao chandarua, nikakata. Nilijaribu kumwambia Mama, akanipa vitunguu nimenye. Nilimwambia mbuzi. Kwa mbuzi nilieleza vizuri sana, kwa Kiswahili fasaha, hata mkono niliutumia.

Ninachoogopa si kuchapwa, Shangazi hachapi. Naogopa uso wake. Ameitembeza picha ile nyumba kwa nyumba, ameninunulia mpaka brashi, ziko juu ya kabati, hazijawahi kulowa. Nikisema kweli, yeye ndiye atakayekwenda sokoni kesho akiulizwa habari za mchoraji wake.

Lakini nisiposema, Issa atafunga ndoa bila mama aliyemlea ziwani, kisha atakwenda Ilagala na vijana wote, na Shangazi atabaki na mitumbwi miwili mchangani na picha nzuri ukutani. Hayo nayo ni kwa sababu yangu. Aliyetupa chumba nitakuwa nimemwondolea watu wake.

Nimeandika haya yote ili nione kama yanaandikika. Yanaandikika. Tena katika kuandika nimegundua kwamba sijutii ziwa. Ziwa ni langu. Nilikaa mchangani kulingoja, nililiona lilivyogeuka shaba, nilisogeza ile brashi ya kompyuta kwa saa nzima mpaka mawimbi yakakaa. Kama hiyo si kuchora, basi jina lake silijui, lakini si uongo. Uongo ni ego yangu.

Nasikia ndala za Shangazi kwenye korido.

Siku zote nikizisikia huufunika ukurasa huu wa simu kwa notisi za kemia. Ana imani kubwa na kemia yangu, maskini.

Leo nimeuacha wazi. Nimeongeza hata ukubwa wa maandishi. Haitasaidia, miwani kaiacha sebuleni, niliiona juu ya meza nilipopita, na yeye si mtu wa kurudi nyuma kuifuata. Atakaa kitandani, atavuta kanga yake, ataniambia, haya, nisomee.

Itabidi nisome. Kwa sauti.

Amebisha.