Mkono wa Mjomba Ukutani

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumatatu, 14 Agosti.

Mpendwa kaka, mwana wa mjomba,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu na kwa watoto. Vipi mgongo, umepata nafuu? Sisi huku hatujambo. Mama, shangazi yako, ni mzima, ila masikio yake siku hizi yanasikia yanachotaka tu.

Picha za watoto tulizipokea. Mdogo wao amechukua paji la uso la babu yake, kila mtu amesema hivyo.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Naomba usome ukiwa umekaa, tena peke yako.

Jumamosi nilimpeleka Mama kwenye makumbusho ya historia ya taifa. Redio ilitangaza kwamba wamefungua chumba kipya cha mgomo wa karakana ya reli, ule uliosababisha marehemu baba yangu afungwe. Mkata tiketi alimwambia wazee huingia bure. "Mzee nani?" Mama akamuuliza. "Kata tiketi, mwanangu, usinizeeshe." Tulicheka, na siku hiyo hatukucheka tena.

Chumba kina baridi na sakafu inayong'aa. Nyundo, filimbi na kofia za kazi zimo ndani ya makabati ya vioo. Ukuta wa mwisho una picha moja, kubwa kama mlango wa gereji. Wafanyakazi wameketi chini mbele ya lango la karakana, mikono kichwani, askari nyuma yao. Baba yangu yumo, shati limechanika begani. Mama alimsogelea, akasimama mbele yake.

Pembeni amesimama mtu mmoja asiye askari, mkono wake wa kulia umenyooka kuelekea kwa waliokaa. Ni baba yako. Chini ya picha wameandika: "Mtunza stoo wa karakana akiwaombea wenzake waachiwe."

Kaka, hakuwa akiwaombea. Alikuwa akiwaonyesha askari viongozi wa mgomo.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, na nyumbani jambo hili halikusemwa kamwe. Mama alilisikia kwa baba yako mwenyewe, alipokuwa akimuuguza. "Dada, aliyewaonyesha ni mimi," alimwambia. "Walinitisha, nikaogopa." Mama akamjibu, "Kunywa uji, unapoa." Hakumuuliza zaidi, wala hakuacha kumlisha mpaka alipofariki. Mimi aliniambia baada ya mazishi, akanikataza kulitoa nje.

Pale makumbusho, binti anayetembeza wageni alimwona Mama akifuta machozi, akamuuliza kama anawafahamu wale watu. Mama akamtajia waliokaa mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao ya kazini: Kifuniko, Mbio, Baba Pacha. Alipofika kwa aliyesimama akasema, "Huyu mdogo wangu, tumbo moja." Binti akapiga makofi. "Hongera, mama! Kumbe mna shujaa nyumbani!" Mama akageuka kuelekea mlangoni, nikamshika kiwiko.

Mwezi ujao watafanya sherehe na kuandika majina chini ya picha. Wanataka mtoto wa yule shujaa aje azungumze. Waliomba anwani yako. Mama akawaambia wasubiri.

Tulipofika nyumbani Mama alivua viatu, akakaa, akaniambia, "Mwandikie. Asije akasimama mbele za watu kumsifia baba yake kwa jambo ambalo hakulifanya."

Uamuzi anakuachia wewe. Ukikubali, atakwenda kuwaeleza ukweli wote, pamoja na vile vitisho, na kwamba baba yangu alipokufa ni mjomba aliyetulea. Ukikataa, hatamwambia mtu, wala hatakununia. Ila jina la mumewe hataliandikisha chini ya maneno yale. Heri abaki pale bila jina.

Mimi nilianza kukuandikia ushauri, nikaufuta. Baba yako ndiye aliyenishikia baiskeli nilipokuwa najifunza, akikimbia pembeni mpaka jasho linamtoka. Na ndiye huyo wa ukutani. Sijui watu hao wawili wataandikwaje kwenye kibao kimoja.

Usijibu kwa haraka, lakini jibu.

Mpe wifi pole za kazi, wabusu watoto, na umsalimie yule jirani yako mshona viatu. Kaka mkubwa na mdogo wetu, fundi umeme, wanakusalimu. Hao hawajui lolote kuhusu haya. Mungu akupe moyo mpana na usingizi mwema.

Mama yuko hapa begani kwangu bila miwani, hawezi kusoma hata mstari mmoja. Ananiuliza kama nimeandika kwamba wewe ni mtoto wake vilevile, uamue lolote utakaloamua. Nimemwambia ndiyo, sasa hivi naandika.

Akupendaye daima,
Dada yako wa Nyumba ya Kona